Sura ya Sita: Kamera Ambayo Haikutoka

Julai 2009 Nikon ilitoa kamera ya D300S, kisha kwa upande wa kamera ngumu za kihisi kidogo ikanyamaza. Wapiga picha waliokuwa wakiishi kwa kamera za aina ile, hasa wa mpira na wa wanyamapori, walikuwa wameshaisoma kalenda ya kampuni: D200 mwishoni mwa 2005, D300 mwaka 2007, D300S 2009. Kila baada ya miaka miwili, mzigo mpya. Kwa hesabu hiyo 2011 ingekuja D400. Jina lilipatikana kabla ya kamera, na sifa zake zikajadiliwa kana kwamba kuna mtu amekwisha kuishika.

Mwaka 2011 ulipofika, Machi tetemeko liliipiga kaskazini-mashariki ya Japani na kiwanda cha Nikon cha Sendai kikasimama. Oktoba mafuriko ya Thailand yakakizamisha kiwanda chake cha Ayutthaya. Waliokuwa wakisubiri wakapata sababu ya kuendelea kusubiri: kamera ipo, imecheleweshwa tu. Mwaka 2012 zikatoka D800 na D600, zote za kihisi kikubwa. Siyo hizi, wakasema. Mwaka 2013 ikaja D7100, ambayo kwa megapikseli ilikuwa karibu mara mbili ya ile waliyokuwa nayo mkononi. Nayo siyo, bodi yake nyepesi, na ukibonyeza mfululizo inajaa upesi. Mwishowe, Januari 2016 huko Las Vegas, kampuni ikaonyesha kamera waliyokuwa wakiiota: megapikseli 20.9, picha 10 kwa sekunde, nukta 153 za fokasi. Iliitwa D500. D400 haikutoka kamwe.

Miaka sita na nusu ni mingi. Mto Mara peke yake uliona misimu sita ya nyumbu wakivuka, kuanzia 2010 hadi 2015, na nyumbu hawana habari na ratiba ya Nikon. Timu ya taifa ilicheza, wanasiasa walinadi sera, watoto walizaliwa wakaingia darasa la kwanza. Hata hivyo tusiwacheke haraka watu wa D400, kwa sababu wengi wao walikuwa na D300 begani muda wote huo. Waliendelea kupiga, kuuza na kulalamika. Kamera yao ya zamani ilikuwa imeundwa kwa magnesiamu, haiogopi vumbi, na picha zake zilichapishwa magazetini bila mhariri kuuliza ni ya mwaka gani. Kusubiri kwao kulikuwa kama starehe fulani, jambo la kuzungumza jioni.

Hapo ndipo penye tofauti ambayo watu wengi huiruka wanapouliza, "Kaka, ninunue sasa au nisubiri ile mpya?" Kuna kusubiri ukiwa na kamera mkononi, na kuna kusubiri mikono mitupu. Wa kwanza hagharimiki sana; anaweza kukaa hata miaka mitatu akipiga porojo za tetesi. Wa pili analipa kila wiki, ila hapewi risiti, kwa hiyo hajui kama analipa.

Chukua kijana wa Mbagala au Tabata anayetaka kuingia kwenye kazi za picha za sherehe. Kampuni za Japani zina kalenda yao: maonyesho ya Yokohama huwa mwanzoni mwa mwaka, na zamani kulikuwa na maonyesho makubwa ya Cologne, Ujerumani, kila baada ya miaka miwili, ambayo kampuni zilikuwa zikiyawinda kutolea vitu vipya. Kijana wetu haishi kwa kalenda hiyo. Yake inaanza na Waislamu wanaokimbilia kufunga ndoa kabla Ramadhani haijaandama, inapoa wakati wa mfungo na Kwaresima, inalipuka tena baada ya Idi na Pasaka, inapanda miezi ya katikati ya mwaka watu wanaporudi likizo kutoka ng'ambo, kisha Desemba kila ukumbi umeshikwa. Sendofu Ijumaa, harusi Jumamosi, na kabla ya hizo kicheni pati ambayo mpiga picha mwanamume mara nyingi haruhusiwi hata kuchungulia. Anayesema "nitasubiri miezi sita" anapaswa kusema pia ni misimu gani ya harusi iliyomo ndani ya miezi hiyo sita.

Tufanye hesabu kwa mfano wa kubuni. Tuseme kamera ya mtumba pamoja na lenzi yake inauzwa shilingi milioni mbili. Akiitunza na kuiuza baada ya miaka miwili, anapata milioni moja na laki mbili. Kamera haikumgharimu milioni mbili basi. Imemgharimu laki nane kwa miezi 24, yaani kama shilingi 33,000 kwa mwezi. Sasa tuseme kwa sendofu moja, akishatoa nauli, posho ya msaidizi na gharama za kuchapisha, anabaki na laki moja na nusu. Sendofu moja inalipia kamera kwa zaidi ya miezi minne. Na akisubiri nusu mwaka ili bei ishuke kwa laki tatu, punguzo lote hilo linafutwa na kazi mbili alizozikosa. Badilisha tarakimu ziwe zako, mantiki haibadiliki. Bei iliyoandikwa kwenye kibandiko dukani ndiyo inayotutisha, wakati tunachokilipa hasa ni tofauti kati ya bei hiyo na ile tutakayoiuzia, tukiigawa kwa muda.

Mpiga picha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alianzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963 akiwa kijana wa miaka ishirini. Picha za video alizopiga Korem, Ethiopia, wakati wa njaa, zilionyeshwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984, na dunia nzima ikashtuka. Kwa idadi ya nukta, simu ya bei ya chini inayouzwa leo Kariakoo inarekodi picha iliyo safi kuliko ile. Simtaji ili nimwambie kijana wa Mbagala kuwa kamera haina maana. Hayo husemwa na watu wenye kamera nzuri. Namtaja kwa sababu tarehe ya tukio haikuwa mikononi mwake, na vivyo hivyo tarehe ya harusi ya binti wa watu haimo mikononi mwa mpiga picha.

Kamera mpya inaleta nini hasa? Watu wengi huanza na megapikseli, na hapo ndipo pa kumalizia haraka. Ukurasa wa A4 ukichapishwa kwa ubora wa kitabu cha picha unahitaji nukta 3,508 kwa 2,480, ambazo ni kama megapikseli 8.7. Canon 5D ya kwanza, ya mwaka 2005, ilikuwa na 12.8. Video ya 4K yenyewe, kila fremu yake ni megapikseli 8.3 tu. Bango la barabarani husomwa kutoka mbali, halihitaji ubora wa kitabu. Na bibi harusi, baada ya yote, ataituma picha kwa WhatsApp, ambayo itaibana ikonde kabla haijafika kwa shangazi Tanga. Anayehitaji megapikseli 45 anajijua: anapiga bidhaa, ramani, mavazi ya kuchapishwa ukutani, au anakata kipande kidogo cha picha ya ndege aliyekuwa mbali. Wengine wote walishashibishwa zamani.

Kisha kuna habari ya kupiga gizani. Kati ya 2003 na 2012 maendeleo yalikuwa ya kushangaza. Kamera ya Nikon D3, iliyotoka 2007, iliwafanya watu wapige ndani ya kumbi bila flashi na wasione aibu kuzionyesha picha zao. Tangu hapo mwendo umepungua, na sababu ni ya kimaumbile. Mwanga huja kwa chembechembe, na chembe hizo huanguka bila mpangilio, mithili ya matone ya mwanzo ya mvua kwenye sakafu ya saruji: yakiwa machache, mahali pengine yatarundikana na pengine patabaki pakavu. Zile punje za rangi unazoziona kwenye picha ya gizani, kwa sehemu kubwa, zinatokana na uchache huo wa mwanga wenyewe. Kihisi kilichoboreshwa hakiwezi kukusanya chembe ambazo hazikuanguka. Ndiyo maana ukilinganisha kamera ya kihisi kikubwa ya 2012 na ya 2022, picha zikiwa na ukubwa uleule, tofauti yake gizani haizidi sana hatua moja ya mwanga. Hatua hiyo moja unaipata leo kwa kubadilisha lenzi ya f/2.8 kwa ya f/2, au kwa kumwomba mtu wa taa asogee.

Kilichobadilika kweli ni fokasi. Hapa sitaki kuwa mzee anayesema kamera zote ni sawa. Kamera zisizo na kioo ndani, hasa kuanzia Sony A9 ya 2017 na A7 III ya 2018, zilijifunza kulitafuta jicho la mtu na kulishika zisiliachie. Mtu aliyewahi kupiga maharusi wakiingia ukumbini, taa za DJ zikigeuka kutoka zambarau kuwa kijani, lenzi imefunguliwa f/1.8 na kina cha fokasi hakifiki urefu wa kidole, anaelewa ninachosema. Kwa kamera za zamani alikuwa akipiga kumi apate nne. Kamera hizi zinaweza pia kupiga bila sauti. Kwenye misa, na zaidi wakati wa kufunga nikaha, ambapo kila "klak" ya shata inamfanya shehe anyanyue macho, ukimya huo una thamani ambayo haiandikwi kwenye orodha ya sifa. Canon ilipotoa R5 na R6 mwaka 2020, fokasi ilikuwa inaona mpaka macho ya wanyama na ndege. Hapo nyumbu wameingia tena kwenye hesabu.

Kwa hiyo swali la kujiuliza halihusu kinachokuja. Fungua folda za kazi zako za karibuni, nenda moja kwa moja kwenye picha ulizozikataa, na ujiulize kila moja ilikufa kwa ugonjwa gani. Ikiwa imetikisika kwa sababu shata ilikuwa ya polepole, dawa yake ni lenzi inayofunguka zaidi au flashi, na vyote viwili viko sokoni leo, havisubiri tangazo. Ikiwa fokasi imeangukia sikio badala ya jicho, na hali hiyo inajirudia, basi una sababu ya haki ya kutaka bodi mpya. Ikiwa nguzo imeota kichwani kwa bwana harusi, hakuna kiwanda Japani kinachoweza kukusaidia. Nimewaona watu wakifanya zoezi hili wakagundua kwamba pesa waliyoitenga kwa bodi ilipaswa kwenda kwenye flashi mbili na stendi zake. Huwa hawafurahi, flashi haina mvuto wa kuposti.

Wako pia wanaopiga video zaidi kuliko picha za mnato, na kwao mambo yanakwenda kasi zaidi. Kamera iliyokuwa fahari ya 2012 leo haitoi 4K kabisa, na mteja anayelipa vizuri huuliza. Lakini hata huku twende kwa kiasi: kipindi cha mwisho cha msimu wa sita wa tamthilia ya House, kilichoonyeshwa Marekani Mei 2010, kilipigwa kwa Canon 5D Mark II, kamera ya 2008 ambayo sasa wenye maduka ya mitumba wanaiweka rafu ya chini.

Kwa nini kampuni hazisemi tu kinachokuja na lini? Zinaogopa. Adam Osborne alitoa kompyuta ya kubebeka mwaka 1981, dola 1,795, ikauzwa sana; miaka miwili baadaye kampuni yake ilifilisika, na kisa kinachosimuliwa hadi leo ni kwamba alianza kuisifu kompyuta ijayo mapema mno, wateja wakaacha kununua iliyopo. Wanahistoria wanabishana kama ndiyo sababu halisi. Watengenezaji hawakungoja ubishi uishe. Walijifunza kufunga midomo. Ombwe hilo likajazwa na wauza tetesi, ambao riziki yao ni wewe kuendelea kusubiri.

Wakati unasubiri, shilingi nayo haijasimama. Somo zuri la hili lilitolewa Kenya. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113 za Kenya. Kamera ya dola 2,000 ilikuwa shilingi 226,000 kabla ya ushuru na faida ya mwenye duka. Aliyeamua kungoja bei ishuke alikuta mwanzoni mwa 2024 dola iko karibu 157, na kamera ileile, hata kama kiwanda hakikuongeza senti, imekuwa shilingi 314,000. Ungeshusha bei ya kamera kwa robo nzima huko Japani, bado huyu bwana wa Nairobi angelipa zaidi ya alivyokataa kulipa mwanzo. Halafu, kuonyesha kuwa mambo haya hayana adabu, kufikia katikati ya 2024 dola ilirudi kama 129. Aliyekata tamaa na kununua Januari alijilaumu. Aliyengoja hadi Juni alijiita mwerevu. Hakuna kati yao aliyejua. Wafanyabiashara wanaoleta mzigo kutoka Dubai wanalijua jambo hili kwenye mifupa yao, ndiyo maana bei dukani hupanda siku dola inapopanda na hushuka mzigo wa zamani ukiisha.

Baada ya yote hayo, kuna kusubiri kwa aina moja ambako nakuunga mkono bila wasiwasi: kusubiri kamera mpya itoke ili ununue ya zamani. Sony ilitoa A7 II mwishoni mwa 2014 kwa karibu dola 1,700. A7 III ilipokuja Februari 2018 kwa dola 2,000, ile ya zamani haikuondolewa sokoni. Iliendelea kutengenezwa na ikafika kuuzwa mpya, ndani ya boksi, chini ya dola 1,000. Kamera ileile iliyosifiwa kwa kutuliza mtikisiko ndani ya bodi, picha zilezile. Upande wa mitumba ni bora zaidi, kwa sababu wiki chache baada ya tangazo, wenye pesa huziachia kamera zao kwa pamoja, na wauzaji wakiwa wengi bei inalegea. Tangazo la kamera mpya, kwa hiyo, ni habari njema zaidi kwa mtu ambaye hana nia ya kuinunua.

Mnunuzi wa aina hii anaepuka pia balaa la kuwa wa kwanza. Nikon D600 ilitoka Septemba 2012, na haukupita muda mrefu wenye nazo wakaanza kuona vidoadoa kwenye anga za picha zao, uchafu ulioangukia kihisi kutoka ndani ya kamera yenyewe. Oktoba 2013 ikaja D610, karibu pacha wake, ila yenye shata nyingine. Mwaka uliofuata kampuni ikajitolea kubadilisha shata za D600 bure. Canon R5 ilitoka 2020 ikitangaza video ya 8K, na watu wakagundua inachemka na kugoma baada ya dakika kadhaa; nafuu ililetwa baadaye kwa kubadilisha programu ya ndani. Programu hiyo, kwa upande mwingine, inaweza kuifanya kamera uliyonayo iwe bora bila kulipa. Nikon Z6 iliingia sokoni 2018 bila uwezo wa kutafuta jicho, ikaupata Mei 2019 kwa faili la kupakua tu. Kabla ya kuuza kamera kwa hasira, tazama kwanza kama imesasishwa.

Kufikia hapa nimezungumza kana kwamba kamera ni bodi peke yake. Bodi huzeeka kwa miaka minne au mitano. Lenzi nzuri ikitunzwa inavuka miaka ishirini, na ndiyo yenye kubeba pesa nyingi kadiri unavyoendelea. Uamuzi mzito basi ni wa mdomo wa kamera, pale lenzi inapofungwa, kwa sababu ukishaununua umechagua familia. Kwa kamera zake za kioo Nikon ilitumia mdomo mmoja, ule wa F, tangu 1959. Canon ilianza wa EF mwaka 1987. Halafu mwaka 2018 zote mbili, kwa tofauti ya wiki chache, zikafungua familia mpya: Z kwa Nikon, RF kwa Canon. Kamera za mwisho za kioo zilizotolewa na kampuni hizi ni za 2020. Huo ndio wakati ambapo kusubiri kidogo kulikuwa na akili, kwa sababu kilichobadilika kilikuwa njia nzima na siyo hatua moja mbele. Aliyenunua lundo la lenzi za EF mwezi mmoja kabla hakuumia sana, kwa kuwa adapta inazifanya zifanye kazi vizuri kwenye bodi mpya. Waliolia ni walioingia familia zisizo na watoto. Nikon 1 ilizaliwa 2011, ikafungwa 2018. Samsung iliiacha NX yake. Canon EOS M iliyoanza 2012 ilifikia mwisho 2023, na lenzi zake haziingii kwenye bodi za RF kwa namna yoyote. Ukiona kamera ndogo, nzuri, ya bei ya kushangaza, uliza familia yake iko hai.

Kufa kwa familia ya kioo kumeacha neema kwa anayeanza. Bodi na lenzi za EF na F zinauzwa kwa bei ambayo miaka kumi iliyopita ingeonekana ya wizi, na katika baadhi ya meza za mitumba huenda ndivyo ilivyo, kwa hiyo omba boksi au risiti ya awali na ulinganishe namba. Hata betri zimekuwa na huruma: betri ya LP-E6 iliyokuja na 5D Mark II mwaka 2008 bado inakubaliwa na Canon R6 ya 2020, ijapokuwa haidumu sana. Mwanafunzi wa upigaji picha mwenye pesa kidogo sioni kwa nini angoje chochote. Anunue bodi ya zamani ya kihisi kikubwa, lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, flashi moja, na aanze na ubatizo wa mtaani.

Nani basi asubiri? Mwenye kamera inayofanya kazi na asiyeweza kutaja picha moja aliyoikosa kwa sababu yake. Anayetaka kununua kwa mkopo wa riba ili tu awe na ya mwaka huu. Mwenye kuona bodi anayoitaka imekaa sokoni mwaka wa nne, ndugu zake wote wameshapata warithi, na msimu wake wa kazi uko mbali. Huyo akivumilia miezi michache anaweza kuipata ileile kwa bei ya chini. Na anayeitaka kamera iliyopandishwa na wimbi la mtandaoni. Fujifilm X100V ya 2020 ilipopendwa ghafla na vijana wa TikTok, zilizotumika zikauzwa ghali kuliko bei ya dukani, na mwenye busara alisubiri wimbi lipite au alinunua kitu kingine. Wengine waende dukani.

Wakienda, na wakiwa wa pwani, kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia juujuu. Kuvu. Unyevu wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa huotesha kuvu ndani ya lenzi, na lenzi iliyokaa kabatini ndani ya mkoba wa ngozi miezi ya masika ndiyo inayopendwa zaidi. Washa tochi ya simu, imulike upande mmoja wa lenzi, chungulia upande wa pili ukiigeuzageuza: nyuzi nyeupe nyembamba zinazoanzia pembeni kuelekea katikati ni kuvu, na fundi anayeweza kuisafisha bila kuharibu kioo si wa kila mtaa. Ukishaimiliki, ihifadhi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na uvibadilishe.

Uliza pia shata imebonyezwa mara ngapi. Baadhi ya kamera huandika idadi hiyo ndani ya faili la picha. Shata ya 5D Mark II ilipimwa kwa mibonyezo 150,000, ya D500 kwa 200,000. Mtu anayebonyeza mara 1,500 kwa harusi moja anaufikia mpaka wa kwanza kwa harusi mia moja. Kuufikia hakumaanishi inakufa siku hiyo, ila bei ishuke. Mwisho, weka f/16, toka nje, piga anga tupu, kisha ikuze picha uone vidoa vya kihisi. Muuzaji akikataa kamera itoke mlangoni, muachie kitambulisho chako au simu yako kama dhamana. Akikataa na hilo, mrudishie kamera yake. Duka la jirani lina nyingine.